Gugu karoti na nduguye wa Marekani: Ua moja, hasara na faida tofauti

MKULIMA wa Arusha anayelijua vizuri gugu karoti, akifika mwezi Julai kwenye mbuga za nyasi za jimbo la Illinois nchini Marekani, ataona mmea mmoja na huenda akainama kuung'oa papo hapo.

Mmea huo una maua meupe madogo yaliyosongamana juu ya shina kama koliflawa iliyochambuliwa. Akilichukua ua moja na kulitazama kwa karibu, ataona lina pembe tano ndogo, kama ua la gugu karoti linalomsumbua shambani kwake.

Akiung'oa, atakuwa amefanya kosa. Mmea huo si mgeni wala si mharibifu. Ni mmea wa asili ya mbuga hizo, mbegu zake zinauzwa dukani, na wapo wakulima wanaolipwa kwa kuuotesha pamoja na mimea mingine ya aina yake.

Wenyeji wanauita kwinini ya porini. Jina lake la kitaalamu ni Parthenium integrifolium. Gugu karoti nalo kitaalamu linaitwa Parthenium hysterophorus. Jina la kwanza ni la ukoo na la pili ni la mmea wenyewe, kwa maana hiyo mimea hii miwili ni ndugu. Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, ndiye aliyeipa yote miwili majina hayo mwaka 1753.

Ndugu mmoja ni mali, mwingine ni hasara, na maua yao yanafanana. Kwa sababu hiyo, kujua namna ya kuutambua mmea kabla ya kuung'oa, kuununua au kuuza mbegu zake ni suala la fedha, si la wasomi wa mimea peke yao.

Mbuga zilizogeuka mashamba

Mbuga za nyasi ndefu za katikati ya Marekani ziliwahi kufunika takriban hekta milioni 69. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa Illinois, John Deere, alitengeneza jembe la chuma cha pua lililoweza kukata udongo mzito wa mbuga bila kuganda matope. Baada ya hapo ardhi hiyo ikageuzwa kwa kasi kuwa mashamba ya mahindi, ngano na baadaye soya.

Leo zimebaki chini ya asilimia nne ya mbuga hizo. Katika Illinois, jimbo ambalo jina lake la utani ni Jimbo la Mbuga, eneo lililobaki katika hali nzuri ya asili halifiki hata sehemu moja katika kila sehemu elfu moja za eneo la zamani.

Kwinini ya porini ni miongoni mwa mimea iliyopoteza makazi yake kutokana na mabadiliko hayo. Katika majimbo ya Wisconsin na Minnesota imo kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka.

Hata hivyo, hasara ya mbuga ilikuja kuonekana mashambani. Udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi mirefu ya mimea ya kudumu ulianza kuchukuliwa na maji ya mvua. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwalipa wakulima kodi ya ardhi, kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15, ili wapande nyasi na mimea mingine ya kudumu kwenye ardhi inayomomonyoka.

Aidha, kuanzia mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa walifanya majaribio ya kupanda kanda nyembamba za mimea ya mbuga ndani ya mashamba ya mahindi na soya. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionesha kuwa mkulima akitenga asilimia 10 tu ya shamba kwa kanda hizo, upotevu wa udongo hupungua kwa takriban asilimia 95.

Mpango huo na majaribio hayo yamesaidia kuleta soko la mbegu za mimea ya asili. Palipo na soko la mbegu pana swali ambalo kila mnunuzi lazima aulize: je, mbegu hizi ni za mmea ninaoutaka?

Alama tano za kuutambua

Mtu asiyezoea huanza na rangi ya ua. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwani kwenye mbuga hizo ipo mimea mingi yenye maua meupe. Wanaoijua kazi hii hulitazama ua kama alama moja tu kati ya kadhaa.

Alama ya kwanza ni jani. Majani ya kwinini ya porini ni makubwa na magumu, na ukiyapitisha mkononi yanakwaruza kama msasa. Yale ya chini yana kikonyo kirefu na yanaweza kufikia urefu wa sentimita 30. Kingo zake zina meno kama ya msumeno, lakini jani lenyewe halikuchanwa vipande vipande. Neno integrifolium katika jina lake lina maana ya jani zima, hivyo anayelikumbuka jina anakuwa amekumbuka pia alama kubwa kuliko zote.

Alama ya pili ni mpangilio wa majani. Hupishana kwenye shina, moja kushoto na lingine juu yake kulia, wala hayatazamani wawili wawili. Kadiri unavyopanda juu ya shina majani hupungua ukubwa.

Alama ya tatu ni shina. Ni imara, limesimama wima, na kwa kawaida halitoi matawi mpaka karibu na maua. Urefu wake mara nyingi ni kati ya sentimita 60 na 120.

Alama ya nne ni ua. Kinachoonekana kama ua moja ni kichwa chenye viua vingi vidogo, na upana wake ni chini ya sentimita moja. Pembeni mwake kuna petali tano fupi sana, ambazo mtu aliyesimama mbali hawezi kuziona. Vichwa hivyo hukusanyika juu ya mmea na kufanya kitu kama meza iliyotandikwa lulu. Maua hutoka kuanzia Juni hadi Septemba, kisha hubadilika kuwa ya kahawia na kubaki yamesimama hadi majira ya baridi.

Alama ya tano ni mzizi. Ni mnene, mweusi na wa kudumu. Mmea hufa juu wakati wa baridi na kuchipua tena kutoka kwenye mzizi huo huo mwaka unaofuata. Hata hivyo, mtu hashauriwi kuuchimba mmea wa asili ili tu auone mzizi. Alama nne za juu zinatosha.

Inayofanana nayo

Ukiwa na alama hizo, kuitenga mimea mingine yenye maua meupe si kazi ngumu.

Upo mmea uitwao kitaalamu Eupatorium perfoliatum, unaopenda sehemu zenye maji. Nao una maua meupe yaliyokusanyika juu, lakini majani yake yanatazamana na yameungana chini kiasi kwamba shina linaonekana kama limeyatoboa katikati.

Mwingine ni Veronicastrum virginicum. Huu hutoa majani matatu hadi saba mahali pamoja kuzunguka shina, kama vijiti vya mwavuli, na maua yake yamepangwa kwenye mikuki mirefu iliyochongoka.

Eryngium yuccifolium ni rahisi zaidi kuutambua, maana majani yake ni marefu na yana miiba pembeni, mithili ya nanasi au mkonge, na maua yake ni vijiduara kama marumaru.

Baptisia alba ni wa jamii ya mikunde. Jani lake lina vipande vitatu, maua yake yanafanana na ya kunde, na maganda yake hugeuka meusi yakikauka. Mfugaji anatakiwa kuufahamu kwa kuwa una sumu inayoweza kuwadhuru ng'ombe.

Halafu ipo mimea iliyotoka Ulaya na kuota kandokando ya barabara. Mmoja ni karoti ya porini, ambayo majani yake yamechanwa kama ya karoti ya bustanini. Mwingine unaofanana nayo ni Conium maculatum, wenye shina laini lililotapakaa mabaka ya zambarau. Huo ni sumu kali kwa binadamu na mifugo, na ndio unaotajwa katika historia kuwa ulitumika kumuua mwanafalsafa Socrates wa Ugiriki.

Anayetazama rangi ya ua peke yake atakuwa ameiweka mimea yote hiyo kapu moja, yaani mali, lishe ya nyuki na sumu.

Ua jeupe lililoua

Historia ya Marekani inaonesha gharama ya kosa la namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 walowezi waliohamia Indiana, Illinois na Ohio walikumbwa na ugonjwa walioupa jina la ugonjwa wa maziwa. Ng'ombe walitetemeka na kuanguka, na watu waliokunywa maziwa yao walitapika, wakaishiwa nguvu na wengi wakafa.

Miongoni mwa waliofariki ni Nancy Hanks Lincoln, mama wa Abraham Lincoln aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Alifariki Indiana mwaka 1818, mwanawe akiwa na umri wa miaka tisa.

Chanzo kilikuwa mmea wa maua meupe unaoota kwenye kivuli kando ya misitu, uitwao leo Ageratina altissima. Mwaka wa ukame nyasi zilipokauka, ng'ombe waliingia msituni na kuula. Sumu yake hupita kwenye maziwa.

Simulizi za Illinois zinampa heshima mganga na mkunga mmoja, Anna Bixby, ambaye inaelezwa kuwa alioneshwa mmea huo na mwanamke wa kabila la Shawnee. Baada ya kuutambua, wakazi wa eneo lake walianza kuung'oa. Hata hivyo, ilichukua miongo mingi kabla ya wataalamu kukubali kwamba mmea ndio chanzo.

Mmea huo una majani yanayotazamana. Kwinini ya porini ina majani yanayopishana. Tofauti ndogo kama hiyo, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa kwa dakika tano, ilikuwa na uzito wa uhai wa watu.

Mizizi iliyochanganywa sokoni

Kwa wafanyabiashara wadogo, hasa wanaonunua na kuuza mimea ya dawa, kisa cha mizizi ya kwinini ya porini kina funzo la pekee.

Katika mbuga hizo hizo huota Echinacea purpurea, mmea wenye maua ya zambarau. Mizizi yake ina soko kubwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya dawa za asili za mafua. Ukiiona mimea hiyo miwili shambani huwezi kuichanganya, kwani mmoja una maua ya zambarau na mwingine meupe.

Lakini mfanyabiashara hanunui maua, ananunua mizizi iliyokatwa na kukaushwa. Gunia likifika ghalani hakuna jani, hakuna ua wala shina. Mizizi ya kwinini ya porini ikawa inaingia kwenye magunia hayo na kuuzwa kwa jina la Echinacea.

Mwaka 1987 watafiti nchini Ujerumani walithibitisha uchakachuaji huo. Walibaini pia kwamba baadhi ya kemikali zilizokuwa zimeripotiwa kuwa za Echinacea kwa kweli zilitoka kwenye kwinini ya porini. Kwa maana nyingine, hata maabara zilikuwa zimepima mmea usio wenyewe.

Hasara ya jambo kama hilo haiishii kwa mlaji. Mnunuzi wa nje akigundua kwamba mzigo umechanganywa, hupunguza bei kwa wote au hudai vipimo ambavyo gharama yake hurudi kwa mkulima. Mchumaji mwaminifu huadhibiwa pamoja na mdanganyifu, kwa kuwa sokoni hakuna anayeweza kuwatofautisha.

Hapa pia ni vema kueleza kuhusu jina. Mmea huu umeitwa kwinini kwa sababu ya uchungu wake na matumizi yake ya zamani dhidi ya homa. Kwinini halisi hutoka kwenye magome ya mti wa sinkona wenye asili ya Amerika Kusini. Hakuna dawa ya malaria iliyoidhinishwa inayotokana na kwinini ya porini, na mtu asije akadhani kwamba kwa kuwa gugu karoti ni ndugu yake basi linafaa kuchemshwa na kunywewa. Gugu karoti lina kemikali inayodhuru.

Walinunua maua, wakaotesha mchicha

Kosa la kutoutambua mmea linaweza pia kuanzia kwenye mfuko wa mbegu. Mwaka 2016 wakulima kadhaa wa majimbo ya Iowa, Illinois, Indiana, Ohio na Minnesota walipanda mchanganyiko wa mbegu za maua ya asili kwa ajili ya nyuki na vipepeo, chini ya mpango ule wa serikali.

Baada ya mvua, katikati ya maua yalichomoza magugu ya Amaranthus palmeri, aina ya mchicha pori ambayo katika maeneo mengi imekuwa sugu kwa dawa ya kuua magugu ya glyphosate. Mmea mmoja wa jike unaweza kutoa mbegu laki kadhaa. Mbegu zake zilikuwa zimejificha ndani ya mchanganyiko.

Mbegu hizo ni ndogo na nyeusi, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha na za aina nyingine za mchicha pori. Kutokana na tukio hilo, maabara za mbegu zilianza kutumia vipimo vya vinasaba, na mwaka 2017 jimbo la Iowa liliuingiza mmea huo kwenye sheria yake ya magugu hatari.

Wakulima hao walikuwa wamefanya walichoshauriwa. Walinunua mbegu na kufuata masharti ya mkataba, lakini walioutambua mmea mapema wakiwa bado na miche michache waliweza kuung'oa kwa mkono. Waliochelewa walirithi akiba ya mbegu ardhini.

Ndugu aliyehamia Afrika Mashariki

Gugu karoti lina asili ya maeneo ya joto ya bara la Amerika. Liliingia India na kuripotiwa Pune katika miaka ya 1950, likasambaa Australia, na nchini Kenya lilionekana miaka ya 1970 kwenye mashamba ya kahawa. Nchini Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010.

Linasafiri kwa matope ya magari na matrekta, kwa maji ya mafuriko, kwato za mifugo, mchanga wa ujenzi, majani ya malisho na mbegu zisizosafishwa. Linawasababishia watu wengi muwasho wa ngozi na matatizo ya kupumua, linadhuru mifugo na kuyafanya maziwa kuwa machungu.

Tofauti yake na nduguye wa Illinois iko wazi kwa anayetumia alama zile zile tano. Jani la gugu karoti limechanwa sana kama la karoti. Shina lake lina mistari ya urefu na hutoa matawi mengi. Maua yake ni madogo zaidi, kama milimita nne, na yametawanyika kwenye matawi badala ya kukaa kama meza. Mzizi wake si kiazi cha kudumu. Ni mmea wa msimu mmoja unaoweza kuanza kutoa maua wiki chache tu baada ya kuota.

Hesabu ya mbegu ndiyo inayoonesha kwa nini mmoja ni mali na mwingine ni janga. Katika mimea yote miwili, kila kichwa cha ua hutoa mbegu zisizozidi tano, kwa sababu ni vile viua vitano vya pembeni tu vinavyozaa.

Kwa kwinini ya porini, inayokua polepole na kuhitaji wiki kadhaa za baridi na unyevu kabla mbegu haijaota, hali hiyo hufanya mbegu iwe chache. Gugu karoti lililokua vizuri linaweza kutoa mbegu 15,000 au zaidi. Ukigawa kwa tano, mmea mmoja tu unakuwa umebeba vichwa vya maua visivyopungua 3,000, na yote hayo ndani ya msimu mmoja.

Kwa mkulima, maana ya hesabu hiyo ni moja. Kung'oa mche mmoja kabla haujachanua ni kazi ya sekunde chache. Kuuacha uchanue ni kujipa palizi ya miaka kadhaa, kwani mbegu zilizofukiwa huweza kukaa ardhini muda mrefu zikisubiri mvua.

Ukoo huu una ndugu mwingine anayefaa kutajwa. Parthenium argentatum ni kichaka cha jangwa la Mexico na Texas kinachotoa mpira. Mwaka 1942, baada ya Japan kuyateka maeneo ya mpira barani Asia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilianzisha mradi wa dharura wa kukilima. Kwa hiyo jina la ukoo halimfanyi mmea kuwa adui. Kila mmoja unapimwa peke yake.

Kabla ya kung'oa au kununua

Mkulima hahitaji shahada ili aweze kuutambua mmea mgeni. Anahitaji utaratibu na uvumilivu kidogo.

Kwanza, asianze na ua. Atazame jani kama ni zima au limechanwa, kisha aone kama majani yanapishana, yanatazamana au yanazunguka shina. Apapase shina kwa kidole kilichovaa glavu kama mmea haujulikani, na aangalie mabaka, mistari na manyoya. Ua liwe la mwisho.

Pili, aandike mahali alipouona. Mmea unaoota bondeni penye maji, ule wa kivulini na ule wa juani kwenye udongo mkavu mara nyingi si mmoja, hata kama maua yanalingana.

Tatu, asikae na shaka. Picha tatu za simu, moja ya mmea mzima, ya pili ya jani na ya tatu ya ua kwa karibu, zinamtosha ofisa ugani kuanza kazi. Asiyeridhika anaweza kubana tawi lenye majani na maua katikati ya magazeti makavu, chini ya kitu kizito, na kulipeleka kwa wataalamu. Tanzania ina hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, jijini Arusha. Kenya inayo hifadhi kama hiyo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Nne, akithibitisha kuwa ni gugu karoti, aling'oe na mzizi wake kabla halijachanua, akiwa amevaa glavu na kuziba pua na mdomo. Lililokwisha chanua lisitupwe kwenye mboji wala kandokando ya mto. Trekta na jembe la kukokotwa visafishwe kabla ya kuingia shamba lingine.

Tano, kwa upande wa muuza pembejeo na mnunuzi wa mimea ya dawa, mzigo ukaguliwe mapema, wakati mmea bado una majani. Anayenunua mizizi au majani makavu adai kuona sampuli ya mmea mzima kutoka shamba ulikochumwa. Mbegu zinunuliwe zikiwa na lebo ya mamlaka ya udhibiti wa ubora, na lebo hiyo pamoja na risiti vihifadhiwe hadi mavuno.

Hatua hizo hazina gharama kubwa. Gharama iko kwa asiyezifuata, kama walivyoiona walowezi wa Indiana waliokunywa maziwa, wafanyabiashara wa mizizi waliopoteza imani ya wanunuzi, na wakulima wa Iowa waliootesha gugu wakidhani ni maua.

Huko Illinois kwinini ya porini itachanua tena Juni ijayo katika vipande vichache vya mbuga vilivyobaki, na huenda mtu akapita na jembe. Huku Arusha gugu karoti litachipua na mvua za kwanza, na huenda mtu akaliacha kwa kuwa ua lake linapendeza. Wote wawili watakuwa wameona ua jeupe lenye pembe tano. Atakayeinama na kulitazama jani kwanza ndiye atakayejua la kufanya.